Si kila tabia ya mtoto ni kazi ya mama yake

Minada ya korosho ikishafanyika na malipo yakaanza kuingia, Tandahimba, Newala na Masasi, huku Mtwara, huwa na msimu mwingine pia, wa kuhukumiana. Kijana akimaliza mgawo wake ndani ya wiki mbili, akaanza kukopa hadi pesa ya vocha, swali la barazani ni moja: mama yake alimleaje? Baba haulizwi sana. Na kwa kuwa huku Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hata mjomba akitajwa, lawama inabaki upande uleule.

Nyumba hiyohiyo ina kaka mtu aliyepata mgawo sawa na huyo, akanunua bati na saruji. Wamelala mkeka mmoja, wamekula ugali wa muhogo wa chungu kimoja, wamepita jando moja. Kama ni malezi ndiyo yaliyomharibu mdogo, kwa mkubwa yalifanya nini?

Kuhusu kinachomfanya mtu awe yeye, na ajione alivyo, wengi wetu tuliosoma tumekwisha kuamua kwamba ni malezi na mazingira. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" husomwa kwenye vikao vya wazazi kama kifungu cha sheria. Upande wa urithi, yaani kile mtoto anachozaliwa nacho kutoka kwa wazazi wake, tumewaachia wanaosema mtoto wa nyoka ni nyoka, na hao ndio wanaouharibia jina. Naamini upande huo una jambo la huruma la kutuambia, na hatujaupa muda wa kulisema.

Hofu ya watu juu ya urithi ina msingi. Francis Galton, Mwingereza aliyeandika mwaka 1875 juu ya kuwatumia mapacha kupima nguvu ya urithi, ndiye aliyeipa jina mwaka 1883 fikra ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Fikra hiyo ilizaa sheria za kuwafunga watu uzazi kwa nguvu, Marekani na Ujerumani. Na sisi wa Kusini tunajua inavyouma kabila zima linapopewa tabia moja, hawa wakali, wale wavivu. Lakini utafiti wa mapacha haupimi kabila dhidi ya kabila. Unapima kwa nini watu wa kundi moja wanatofautiana, na anayeutumia kulisema kabila fulani amechukua kisichokuwemo.

Njia yenyewe ni nyepesi kueleza. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile; wasiofanana wanashiriki nusu kwa wastani, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Jozi zote mbili zimelelewa kila moja chini ya paa moja. Ikiwa wale wa kufanana wanakaribiana kwa tabia kuliko wasiofanana, ziada hiyo inatafutiwa chanzo kwenye urithi. Mwaka 2015 Tinca Polderman, Danielle Posthuma na wenzao walikusanya tafiti za namna hiyo zilizochapishwa kwa takriban miaka 50: jozi zaidi ya milioni 14 za mapacha na sifa 17,804, kuanzia urefu hadi wasiwasi. Kwa wastani, urithi ulieleza asilimia 49 ya tofauti kati ya watu.

Hiyo 49 ndiyo inayonukuliwa. Mimi nakaa zaidi na takwimu ya pili iliyotoka katika kazi hiyohiyo: nyumba, yaani yale yote ndugu wanayoshiriki chini ya paa moja, ilieleza wastani wa asilimia 17 tu. Kinachobaki ni mambo yanayompata mtoto mmoja na kumpita nduguye, maradhi, rafiki, mwalimu, bahati, pamoja na makosa ya vipimo. Na kwenye haiba ya mtu mzima, yaani kama ni mpole au mkali, mwoga au jasiri, mwenye haya au mchangamfu, sehemu ya nyumba mara nyingi hukaribia sifuri. Mama aliyezaa watoto sita hahitaji jarida la kisayansi kuliamini hilo. Alimwona huyu analia kwa kila mgeni na yule anamkimbilia kila mgeni, kabla hata hajawafundisha neno.

Asilimia 49 hata hivyo haisemi kwamba nusu yako imetoka kwa wazazi na nusu imetoka kijijini. Wakulima wetu wanaweza kulielewa hili kuliko watu wa mjini. Chukua mashamba ya korosho ambayo yote yamepuliziwa salfa kwa wakati, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haukugusa hata moja. Ukikuta mkorosho mmoja umezaa kuliko mwingine, utaangalia mche: huu ni wa kubebesha kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, ule ni wa mbegu ya kienyeji. Sasa chukua mwaka ambao nusu ya mashamba yamekosa salfa. Miche ni ileile, lakini tofauti kubwa ya mavuno itafuata salfa. Urithi wa mche haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kiasi cha tofauti ambacho mche unaweza kukieleza. Asilimia ya urithi ni ya shamba na mwaka wake, na ya watu ni hivyohivyo.

Hapo ndipo wanaotetea mazingira wana hoja yao nzito, na lazima wapewe. Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walichunguza akili za mapacha wa miaka saba Marekani. Katika familia maskini, mazingira ya pamoja ya nyumbani yalieleza karibu asilimia 60 ya tofauti, urithi karibu sifuri. Kwa familia zenye uwezo ilikuwa karibu kinyume chake. Tafiti za baadaye zilikuta hali hiyo Marekani, lakini si Ulaya Magharibi wala Australia, ambako mtoto wa maskini hukosa machache zaidi. Halafu, mapacha wengi katika ile milioni 14 ni wa nchi tajiri. Tanzania, kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Huko ni kukosa salfa. Yeyote anayetaka kuileta 49 Nanyumbu au Liwale kama ilivyo hajaielewa.

Lakini soma vizuri kilichopimwa. Umaskini wa nyumba za Turkheimer ulipimwa kwa kipato, elimu na kazi ya wazazi, si kwa adabu ya mama. Hoja hiyo ikisomwa kwa haki, bado haimrudishi mama kizimbani.

Wengine husimama na jando na unyago, na wana haki ya kujivunia. Kijana anaingia likumbi, kambi ya jando, na jina la utotoni, anatoka na jina jipya, anajua ni wa ukoo gani, anamwamkia nani na kwa namna gani. Hakuna kinasaba kinachojua ukoo, na baba, ambaye kwa hesabu ya ukoo wetu ni mgeni, amechangia nusu ya vinasaba vya mtoto. Kwa hiyo majibu ya "mimi ni nani" tunapewa na watu waliotuzunguka. Lakini namna ya kuyabeba majibu hayo ndiyo inayotangulia mafundisho. Kungwi akiwafunda wanawali kumi, wote hutoka na mafundisho yaleyale, na mwenye haya hutoka na haya zake. Kuulaumu unyago kwa msichana mmoja aliyeacha shule, bila kutazama tisa waliobaki darasani, ni kosa lilelile la kumlaumu mama.

Urithi na mazingira pia hushikana. George Lilanga, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934 katika jamii ya wachongaji wa Kimakonde, alipata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, miaka ya 1970. Michoro yake ikaonekana pale, na kabla hajafariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimefika Ulaya, Japani na Marekani. Sidhani kuna mtu anayeweza kutenga jicho lake na ile ajira ya getini.

Ila mfano unaonigusa kuliko yote ni wa watoto wenye ualbino, ambao Tanzania hukadiriwa kuwa mmoja kati ya watu 1,400. Kwa miaka mingi mama aliyejifungua mtoto huyo aliulizwa alilala na nani, au amebeba laana ya nani. Wapo walioachwa wakiwa bado hospitali. Elimu ya urithi ndiyo iliyotoa jibu: hali hiyo hutokea pale baba na mama wote wawili wanapompa mtoto kinasaba hicho, na mara nyingi wao wenyewe hawajui kuwa wanacho. Jibu hilo lilimrudishia mama heshima yake, na lilimpa mtoto mahali pa kuanzia kujitambua bila aibu. Kinachofuata ni cha mazingira: kofia pana, mafuta ya kujikinga na jua, kiti cha mbele karibu na ubao, majirani wanaomwita kwa jina lake.

Kwenye vikao vya shule zetu, ajenda ya "malezi mabovu" hula saa nzima, na uji wa wanafunzi husukumwa kwenye mengineyo, watu wakiwa wameshaanza kuinuka. Ukifuata hesabu za pande zote mbili, uji ulipaswa kuwa ajenda ya kwanza.