Muuza maziwa ndiye aliyegundua

Jirani yangu hapa Pasua, mjini Moshi, mama mtu mzima anayeishi peke yake, alianguka bafuni Ijumaa usiku. Alilala sakafuni mpaka Jumamosi saa nne asubuhi. Kati ya kwake na kwangu kuna ukuta mmoja tu wa tofali, na asubuhi hiyo nilikuwa uani nafua. Sikujua lolote.

Aliyemwokoa ni kijana wa maziwa anayeshuka kutoka Kibosho. Kila siku humpimia nusu lita. Aligonga geti, kimya. Akaenda kumalizia wateja wengine, lakini roho ikamkatalia, akarudi. Ndipo akaja kugonga kwangu: "Dada, mama hajatoka kuchukua maziwa."

Wiki nzima maneno hayo hayajaniacha.

Tunapima presha, tunapima sukari, tunaambiwa tupunguze chumvi. Mbona hatuulizwi ni nani atakayeshtuka tusipoonekana? Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walijumlisha tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 308,000, wakakuta kwamba walio na mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi wa wengine kwa asilimia 50. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani likakadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo 871,000 kila mwaka. Na anayedhani haya ni matatizo ya Wazungu asome ripoti hiyohiyo: katika nchi za kipato cha chini, watu wapatao asilimia 24 walisema ni wapweke, na katika nchi tajiri ni kama asilimia 11.

Mimi sishangai. Mwenye watu hukumbushwa dawa, husukumwa kwenda kliniki, hupika kwa sababu kuna atakayekula. Mpweke hulala vibaya, mwili ukakesha kama unaosubiri mwizi.

Kinachoniuma ni kwamba sisi wa mkoa huu tulikuwa na dawa yake. Kule mlimani, kwenye mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia mashamba, maji yalikuwa ya zamu na kusafisha mfereji kulikuwa kwa wote. Usipofika siku ya kazi unatafutwa, unaulizwa, pengine unatozwa faini. Nilipokuwa mdogo niliiona faini hiyo kama ukali wa wazee. Leo naiona tofauti kabisa: maana yake ni kwamba kuna watu waliohesabu vichwa, wakakuta cha kwako hakipo. Mgonjwa hakuweza kulala siku mbili bila mtu kusukuma mlango wake. Sasa tumeshuka mjini, tumepandisha kuta, juu tumemwaga chupa zilizovunjika, geti tumelifunga kwa ndani. Tunalinda televisheni, na aliye ndani anaanguka hakuna anayejua.

Najua, majirani wana umbea. Nimeshaumizwa nao, na kuna kikoba nilichokiacha kwa sababu ya ugomvi wa marejesho. Bado nasema afadhali jirani anayechungulia kuliko asiyejua kama uko hai.

Wala magrupu ya simu hayatoshi. Watoto wa mama huyu wako Dar es Salaam, wanamtumia hela kila mwezi na Desemba wanakuja na magari, wanachinja mbuzi. Ni watoto wema, nawaheshimu. Ila usiku ule simu ilikuwa chumbani na yeye alikuwa bafuni.

Jana nilikwenda kumwona. Ametoka hospitali, nyonga bado inamsumbua. Amenipa ufunguo wa akiba wa geti, na kijana wa maziwa ana namba yangu. Tulikaa barazani mpaka jua likazama, akinisimulia habari za mumewe na shamba lao la kahawa.

Nilipoaga, aliniuliza yule mtoto anayemsikia akilia ng'ambo ya ukuta anaitwa nani. Mwanangu anatimiza miaka minne mwezi ujao.