Gemu ipo kwenye diski, kwa nini niishushe tena?

Mei 2020, Epic Games Store, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, iligawa gemu ya Grand Theft Auto V bure. Mimi nilikuwa nimeshainunua Steam, duka jingine la aina hiyohiyo. Mdogo wangu, ambaye tunatumia kompyuta moja, akaichukua kwa akaunti yake ya Epic, akabonyeza kushusha, na ikaanza kudai makumi ya GB. Intaneti yetu ni bando la simu. Akanigeukia: "Kaka, si hii hapa ipo kwenye diski D?"

Ipo kweli. Uzito wa gemu ile umo kwenye mafaili ya .rpf yenye ramani, magari na sauti, na mengi ya hayo hayabadiliki kwa sababu umebadili duka. Kinachobadilika ni vifaili vichache, hasa vile vinavyoliuliza duka kama unayo leseni.

Tukafanya hivi. Tukaacha Epic ishushe kidogo, asilimia moja au mbili, tukaisimamisha, kisha tukaifunga kabisa, hadi kile kialama chake pembeni ya saa. Tukaingia folda ya steamapps, kisha common iliyo ndani yake, ambamo Steam huweka gemu zake, tukakopi yaliyomo kwenye folda ya gemu na kuyapesti kwenye folda mpya ya Epic, yakakalia yale machache yaliyokuwa yameshuka. Folda ya .egstore hatukuigusa, maana humo ndimo Epic inapoweka kumbukumbu zake. Tulipofungua tena na kuruhusu iendelee, ikaanza kukagua mafaili moja baada ya jingine. Mdogo wangu hakuondoka kwenye kiti, macho kwenye asilimia. Mwisho wa yote, zilizoshuka hazikufika GB 2.

Nasema "kukopi" kwa makusudi, usikate. Kuna duka jingine ambako niliwahi kuhamishia gemu yangu nikiwa sijaanza kushusha kwanza. Programu yake ikaona folda isiyoitambua, ikaifuta yote. GB 60 nilizozikusanya wiki mbili kwa bando la usiku zikapotea, na nilikuwa nimekata, sikubakiwa na nakala. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ndiyo maana naamini kazi hii ilipaswa kuwa kitufe, si ujanja wa kufundishana. Ufundi wake upo tayari. Ukiweka folda ya gemu ndani ya common na kubonyeza kusakinisha, Steam hutafuta mafaili yaliyopo na kushusha pungufu tu. Tangu 2023 inaweza hata kuvuta gemu kutoka kompyuta nyingine ya nyumbani bila kugusa bando. GOG Galaxy, programu ya duka la GOG, inakuruhusu kuionyesha folda ya gemu iliyopo. Kwa nini basi folda iliyotoka kwa mshindani isipewe nafasi hiyohiyo?

Na mtu asiniambie huu ni wizi. Leseni haihami na mafaili. Mdogo wangu ana yake, mimi nina yangu, na kwa gemu kama hii inayoliuliza duka, asiye nayo atabaki na folda kubwa isiyofunguka. Juni 2020 GOG ilivuka hata hapo: aliyenunua The Witcher 3 kwenye jukwaa jingine alipewa nakala ya GOG bure. Duka limeweza kuheshimu leseni iliyonunuliwa kwingine, sembuse mafaili?

Anayelipia intaneti isiyo na kikomo anaweza kuliona hili dogo. Kwetu GB 90 ni hela ya matumizi ya nyumbani.

Siku hizi nina diski ya nje yenye folda ya kila gemu niliyonunua. Nimeifomati kwa NTFS, mojawapo ya mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski, kwa sababu mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4, na gemu kubwa zimejaa mafaili ya namna hiyo. Jumamosi majirani wawili wanakuja na laptopu zao, kila mmoja na leseni yake. Nimewaambia waanze kushusha kidogo kabla hawajafika.