Gemu Likidoda, Mteja Hana Kosa

Kila gemu kubwa linapododa, lawama zinashushwa kwetu wachezaji. Tunaambiwa hatuna shukrani, tumezoea vya bure. Nina kibanda cha gemu hapa Mwanga, Kigoma, na maneno hayo yananiuma kwa sababu hao wanaosemwa nashinda nao. Kijana anatoka kubeba magunia ya dagaa Kibirizi, harufu ya ziwa haijamtoka, jero iko mkononi. Jero ni mechi moja. Akifungwa anarudisha pedi, anasimama nyuma ya benchi kuangalia wenzake mpaka giza linaingia. Huyu unamwambiaje kwamba hapendi gemu?

Magemu makubwa ya PlayStation 5 siku hizi yanatoka kwa dola 70, yaani zaidi ya laki moja na nusu. Kwa jero jero, hizo ni mechi zaidi ya 300.

Mama yangu mkubwa anauza dagaa tangu sijaanza shule. Zamani alikuwa anaanika mchangani. Mteja alichukua dagaa mmoja, akamtafuna, mchanga ukalia menoni, akatema na kuhamia kwa jirani aliyeanika kwenye kichanja. Mama mkubwa hakumfokea. Wiki ile ile alikwenda kutafuta miti ya kujenga kichanja chake.

Sasa angalia wenye makampuni. Mwaka 1982 Atari, kampuni ya magemu ya Marekani, walilipa mamilioni ya dola kupata haki ya kutengeneza gemu la filamu ya E.T., halafu wakampa mtengenezaji wao Howard Scott Warshaw wiki tano hivi alimalize ili liwahi Krismasi. Wakatoa kaseti kama milioni 4. Zilizouzwa ni kama milioni 1.5, na baadhi ya zilizobaki zikaenda kufukiwa jalalani Alamogordo, New Mexico, ambako chache zilifukuliwa mwaka 2014. Kwa miaka mingi Warshaw ndiye aliyebebeshwa jina la mtu aliyetengeneza gemu baya kuliko yote. Aliyepanga zile wiki tano hatajwi sana.

Linaloniudhi zaidi ni la Tomb Raider, gemu lililotoka mwaka 2013. Iliuza nakala milioni 3.4 ndani ya mwezi wake wa kwanza, na bado Square Enix, kampuni iliyoitoa, wakatangaza kwamba mauzo hayakufikia matarajio. Milioni tatu na ushee! Watu walikuja, wakatoa hela zao, wakacheza. Kama idadi hiyo haitoshi, basi mwenye hesabu ndiye aliyekosea hesabu. Alitumia hela nyingi kuliko soko lake, au alijipangia lengo ambalo halikuwepo.

Wizi wa kunakili upo, sikatai. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa PlayStation 2 iliyowekewa chipu ya kuiwezesha kucheza CD za kunakili, na CD zake zote zilikuwa za kunakili, kwa sababu dukani hapa hapakuwa na nyingine. Lakini PlayStation 2 hiyo hiyo, iliyonakiliwa dunia nzima, iliuzwa zaidi ya milioni 150, na hakuna mashine ya gemu iliyouzwa kuliko hiyo.

Halafu kuna Concord, gemu la Sony. Ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40, kwenye soko ambalo wapinzani wake wengi wanachezwa bure. Tarehe 6 Septemba ikazimwa, walionunua wakarudishiwa hela. Oktoba studio ya Firewalk iliyoitengeneza ikafungwa. Wachoraji na waandishi wa programu, watu ambao hawakupanga ile bei, wakarudi nyumbani.

Ningependa kuona kampuni moja tu, siku inapotangaza hasara, ianze na jina la aliyepanga tarehe ya kutoka na jina la aliyepanga bei, kabla haijafika kwenye idadi ya waliopunguzwa kazi.