Medali ya Mzee Isitegemee Anamjua Nani

Kabla mwaka haujafika katikati, Uganda huwa imekwisha kuwakumbuka wapiganaji wake mara tatu. Tarehe 26 Januari tunakumbuka NRA, jeshi la msituni lililoongozwa na Yoweri Museveni, kuiteka Kampala mwaka 1986. Tarehe 6 Februari tunakumbuka shambulio la 1981 kwenye kambi ya jeshi ya Kabamba, lililofungua vita hivyo vya msituni. Tarehe 9 Juni ni siku ya mashujaa, siku aliyouawa Edidian Luttamaguzi na wenzake kule Kikandwa mwaka 1981 kwa kukataa kusema wapiganaji walikuwa wapi. Siku hizo majina husomwa na watu huvishwa medali vifuani. Mimi ni mmoja wa wanaoshangilia, na nitaendelea kushangilia. Lakini wapo watu ambao majina yao hayasomwi, na si kwamba hawakupigana. Hayasomwi kwa sababu faili haisemi kwamba walipigana.

Hapa Bombo, mji ulioishi na jeshi tangu enzi za Mwingereza, tuna mzee mtaani ambaye mpaka leo tunamwita Afande ingawa alivua magwanda katika miaka ya 1990. Alikuwa Luwero, eneo ambako NRA ilipigania vita vyake vya msituni. Ana kovu la risasi, ana wenzake waliolala naye mahandakini, na ana namba ya jeshi anayoitaja bila kufikiri. Faili yake inaanza mwaka 1986. Kwa karatasi hiyo alijiunga vita vikiwa vimekwisha, kwa hiyo medali ya Luwero Triangle haimhusu. Alipokwenda kuuliza, ofisi moja ilimtuma ofisi nyingine, na hiyo ya pili ikamwambia amtafute mkubwa aliyemwongoza vitani amwandikie barua. Mkubwa huyo alikwisha kufa zamani.

“Mwanangu,” aliniambia, “mimi siombi pesa. Nataka waandike kwamba nilikuwepo.”

Maoni yangu ni haya: kosa lililomo kwenye faili ni la mwenye kuitunza faili, na yeye ndiye anayepaswa kulisahihisha, kwa utaratibu ulioandikwa ambao askari yeyote anaweza kuufuata. Leo utaratibu tulionao ni kumjua mtu. Ukiwa na mkubwa anayekukumbuka, umepona. Usipokuwa naye, unazungushwa mpaka unachoka, au mpaka unazikwa.

Makosa hayo yalitoka wapi? NRA iliingia msituni na bunduki 27. Jeshi la namna hiyo halitembei na karani wala kabati la mafaili. Tena majina yalifichwa kwa makusudi: wengi walijiita majina ya kivita ili jamaa zao waliobaki nyumbani wasiandamwe. Mtoto aliyeingia akiitwa Kadogo alikuja kuandikishwa rasmi baada ya ushindi, pengine kwa jina la baba yake, pengine kwa jina la ubatizo, na mwaka wa kuzaliwa uliokisiwa na aliyeshika kalamu. Mwaka 2014 likaja zoezi la kitambulisho cha taifa, na mwaka mwingine wa kuzaliwa ukaandikwa. Sasa mtu mmoja ana majina mawili na miaka mitatu ya kuzaliwa, na karani kijana aliyezaliwa baada ya vita anapofungua kompyuta anaona watu watatu tofauti. Simlaumu karani. Nawalaumu waliomweka pale bila kumpa njia ya kuwaunganisha watu hao watatu wawe mmoja.

Nyuma yao wapo waliopigana mwaka 1979 kumwondoa Idi Amin, na hao ndio wananiuma zaidi. Vijana wa Kikosi Maalum na wa FRONASA, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni, walirudi nyumbani wakipigana bega kwa bega na jeshi la Tanzania, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatoka mikononi mwa Amin. Medali ya Kagera ipo kwa ajili ya waliopigana kuuondoa utawala ule. Lakini baadhi ya vijana hao walibaki katika UNLA, jeshi la taifa lililofuata baada ya Amin, ambalo NRA ililishinda mwaka 1986. Jeshi lililoshindwa, nani alitunza mafaili yake? Na nani ana hamu ya kuyatafuta? Nasema wazi: mtu aliyepigana mwaka 1979 ana haki ya kuandikwa kwamba alipigana mwaka 1979, hata kama miaka iliyofuata alisimama upande ambao mshindi hakuupenda. Mwaka 2007 Uganda ilimpa Mwalimu Nyerere medali ya Katonga, karibu miaka minane baada ya kifo chake, na ilifanya vyema. Kilichowezekana kwa Mwalimu kiwezekane pia kwa koplo wa mji wa Lira.

Babu zetu wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza hapa Afrika Mashariki, nao ni hadithi ndefu, nitaigusa tu. Waganda zaidi ya 70,000 waliingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na wapo waliofika Burma, kule Asia, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944. Medali ambazo Uingereza ilizitoa kwa vita hivyo hazikuchorwa jina la askari. Ndiyo maana unaweza kukuta medali ya Burma Star ndani ya sanduku la bibi na usiweze kuthibitisha ilikuwa ya nani, kama karatasi yake imepotea.

Najua hoja itakayotolewa kupinga haya. Watasema tukifungua mlango huu, waongo watamiminika. Hoja hiyo ina uzito, na historia yetu wenyewe inaiunga mkono: Idi Amin alidai kwamba alipigana Burma, ilhali rekodi zinaonyesha aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Lakini tazama kilichomuumbua. Ni rekodi. Uongo wake haukugunduliwa kwa kuwafungia mlango wote waliofika Burma kweli. Nami nataka kila dai lichunguzwe, tena kwa ukali. Ninachokikataa ni uchunguzi wa kuomba barua ya mkubwa, kwa sababu mkubwa anaweza kumwandikia mpwa wake ambaye hakuwahi kulala msituni hata usiku mmoja, na akakataa kumwandikia askari aliyewahi kugombana naye. Njia hiyo haimzuii mwongo. Inamzuia maskini.

Wenzetu wa Marekani wana jambo la kutufundisha hapa. Tangu sheria ya mwaka 1946, kila idara ya jeshi lao ina bodi ya kusahihisha rekodi, na wanaokaa katika bodi hiyo ni raia, si maafande wanaojitetea wenyewe. Askari mstaafu hujaza fomu, huambatisha ushahidi, na kama medali inakosekana kwenye hati yake ya kuacha jeshi, huomba iongezwe. Muda uliowekwa ni miaka mitatu tangu alipoligundua kosa, lakini bodi inaweza kuusamehe muda huo ikiona haki inadai hivyo. Na wao pia walipotelewa na karatasi: tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza hifadhi yao ya rekodi mjini St. Louis, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Hawakuwaambia wastaafu kwamba habari yao imekwisha. Walianza kuokoteza ushahidi kutoka kwenye orodha za mishahara na karatasi za hospitali, na kujenga upya utumishi wa mtu kipande kwa kipande. Mwaka 1997 rais wao alitoa nishani ya juu kabisa ya vita kwa askari weusi saba wa Vita Kuu ya Pili walionyimwa kwa sababu ya rangi yao. Aliyekuwa hai kuipokea kwa mkono wake alikuwa mmoja tu, Vernon Baker.

Mmoja kati ya saba. Ndiyo maana nasema hili jambo ni la sasa. Aliyekuwa na miaka 20 Kabamba iliposhambuliwa amekwisha kuvuka 60, na mashahidi wake wamezeeka pamoja naye.

Uganda nayo iunde bodi kama hiyo, na haihitaji kuanza na mikono mitupu. Sheria ya heshima na tuzo za taifa ipo tangu 2001. Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile zinazogusa usalama wa nchi na faragha ya watu wengine, na sheria ya mwaka 2005 inaitaka ofisi imjibu mwombaji ndani ya siku 21. Ibara ya 42 inamtaka kila mwenye mamlaka amtendee haki mtu anayefika mbele yake. Orodha zipo pia: askari zaidi ya 36,000 waliopunguzwa jeshini kati ya 1992 na 1995 waliandikwa mmoja mmoja ili wapewe msaada wa kuanza maisha. Anzieni hapo. Kiapo cha askari watatu wa kawaida waliokuwa kombania moja na mzee kipewe uzito sawa na barua ya jenerali mmoja, kwa kuwa hao ndio waliokuwa ndani ya handaki lile. Na jibu, liwe ndiyo au hapana, litolewe kwa maandishi pamoja na sababu, ili mzee ajue akate rufaa juu ya nini.

Halafu ombi lipokelewe kwa Kiswahili. Amri alizozitii zilikuwa za Kiswahili, na nyimbo alizoimba akikimbia mchakamchaka zilikuwa za Kiswahili. Tangu 2005 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Sasa kwa nini mzee huyu alazimike kumlipa mtu mjini amwandikie Kiingereza asichokielewa, kuhusu vita alivyopigana mwenyewe? Nimeziona barua za namna hiyo. Mwandishi hajui tofauti ya platuni na batalioni, anakosea mahali, anakosea mwaka, na kosa lake linakuja kutumiwa kumkatalia mzee.

Kwa nyinyi wenye baba au mama aliyepita msituni: msisubiri bodi iundwe. Kaeni naye, andikeni majina yake yote aliyowahi kutumia, namba ya jeshi, kombania, makamanda wake, mahali alipojeruhiwa na aliyemtibu. Watafuteni wenzake walio hai, mwende nao kwa kamishna wa viapo, kila mmoja aape kwa aliyoyaona yeye. Ombeni barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, inayosema kwamba majina yale yote ni ya mtu mmoja. Mkipeleka ombi, pelekeni nakala mbili, na msiondoke dirishani mpaka ile mnayobaki nayo imegongwa muhuri wenye tarehe.