Jerikeni ya mama ina viraka vitatu

Nyumbani kwetu Busia, upande wa Uganda, kuna jerikeni ya manjano ya lita 20 iliyoingia na mafuta ya kupikia kabla sijaanza sekondari. Leo nina miaka 34. Kila ikivuja, mama huipeleka kwa mzee mmoja karibu na stendi. Mzee anapasha kisu kwenye makaa, anayeyusha kipande cha kandambili kuukuu juu ya tundu, anakandamiza mpaka kishike. Ina viraka vitatu na bado inachota maji. Mimi niko Bremen, Ujerumani, ambako mwezi uliopita mashine yangu ya kufulia iligoma. Fundi akaniambia kwenye simu kwamba kuja kuitazama tu ni yuro 90, kutengeneza ni hesabu nyingine. Nikanunua mpya. Ile ya kwanza ilikuwa na miaka sita.

Hapa nimekaa miaka tisa, na hakuna wiki inayopita bila mtu kunieleza namna ya kuishi bila kuharibu mazingira. Kuna maduka yanayouza sabuni ya kipande isiyofungwa chochote, ghali kuliko ya chupa, na wateja wake wanajisikia watakatifu. Kukhu wangu, yaani bibi yangu, alifulia sabuni ya mche iliyokatwa dukani mpaka akazeeka nayo. Yeye alikuwa anabana pesa tu.

Lakini sitaki kuimba ule wimbo wa kwamba sisi tulikuwa sawa tangu enzi na enzi. Jioni yoyote ukipita mitaa yetu utakuta moshi nyuma ya nyumba: majani, kaveera (mifuko ya plastiki), chupa, nepi, vyote moto mmoja, na watoto wanacheza pembeni wakivuta ile harufu. Mama yangu naye huchoma. Hilo ndilo tuliloligombania Desemba, nilipokwenda nyumbani.

Kwanza, nani anachafua zaidi? Mtu wa Ujerumani kwa wastani anatoa takriban tani 7 au 8 za kaboni dioksidi kwa mwaka, Mganda hafikishi hata robo tani. Safari yangu moja ya ndege kuja nyumbani na kurudi inakaribia tani nzima au kuizidi. Kwa hiyo niliposhuka Entebbe na mabegi ya kitambaa ya kugawia ndugu, tayari nilikuwa nimechafua kuliko wote niliokuja kuwahubiria. Kaka yangu hajui hesabu hizo, ila aliniambia, "Dada, hotuba ungeiacha uwanjani."

Maji ni hivyo hivyo. Hapa mtu mmoja anatumia takriban lita 120 kwa siku, ambazo ni jerikeni sita, na sehemu kubwa inaishia bafuni na chooni. Jerikeni sita ndizo mama, wajukuu watatu na msichana anayemsaidia wanazomaliza siku ya kufua. Maji yaliyooshea sukuma yanaenda kwenye miche ya nyanya. Yaliyofulia yanasugua sakafu, kisha yanamwagwa chooni. Jirani yangu wa huku amenunua pipa la kukinga maji ya mvua kutoka paani na ananionyesha kama gari jipya. Namsifu. Sisi tulizaliwa tukilikuta pipa chini ya mabati.

Kitu ambacho ningekibeba Ujerumani nikakileta Busia, kama kingeingia kwenye begi, ni kutenganisha taka. Wiki zangu za mwanzo nilitupa maganda ya parachichi kwenye mfuko wa manjano, ule wa plastiki na makopo. Mfuko ukaachwa barabarani na karatasi nyekundu juu yake, mtaa mzima unaona. Maganda yana pipa la kahawia, karatasi zina la bluu, kinachobaki kina jeusi, na chupa za vioo unazipeleka mwenyewe kwenye makasha ya mtaani, kwa rangi zake. Jumapili moja nilizipeleka, na bibi mmoja wa ghorofa ya chini akanifokea toka dirishani kwamba Jumapili kelele za chupa haziruhusiwi. Nilimchukia mwezi mzima. Mtamsikia tena.

Kwetu hatuhitaji mapipa manne. Ndoo mbili zinatosha: moja ya vyote vinavyooza, nyingine ya vinginevyo. Sehemu kubwa ya taka zetu ni maganda ya matoke, ya viazi, majani, mabaki ya chakula. Vikikaa peke yake ni mali. Busia mbuzi wanakula, na Kampala kuna vijana wanaokusanya maganda kuwapelekea wafugaji wa ng'ombe. Ila changanya na kaveera uone: ng'ombe ataimeza, imzibe tumbo, na mfugaji hataki tena maganda yako. Basi yanapakiwa kwenye lori pamoja na takataka zote, yanarundikwa, yanaoza chini ya plastiki, gesi na maji machafu vinajikusanya ndani. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi, dampo la Kampala, uliporomoka juu ya nyumba za watu baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 30 wakafa. Dada yangu anaishi Bweyogerere, nako pembeni mwa Kampala. Asubuhi ile nilimpigia simu mara nane kabla hajapokea, ingawa najua Bweyogerere si Kiteezi. Kila ninapoona ganda la ndizi ndani ya kaveera lililofungwa fundo, ndiyo simu ninayoikumbuka.

Mama alinisikiliza kuhusu ndoo mbili, kisha akauliza, "Hiyo ya pili ataichukua nani, mama?" (Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake.) Sikuwa na jibu. Huku lori linakuja siku yake. Pale kwetu ukitenganisha vizuri, kaveera zako safi bado hazina pa kwenda. Tulikubaliana nusu: ndoo ya maganda ipo, na plastiki hazichomwi watoto wakiwa uani. Si ushindi mkubwa.

Na hapo ndipo ninapowalaumu wakubwa. Uganda ilitangaza kuzipiga vita kaveera kwenye bajeti ya mwaka 2007. Rwanda ilizipiga marufuku 2008 na ikamaanisha. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania 2019. Sisi watu wa Busia tunaushuhudia mchezo huu kwa macho: mama muuza nyanya anakuja na kaveera, akikaribia mpaka wa Kenya anamimina nyanya kwenye kikapu, kaveera anaikunja na kuiacha kwa mtu wa upande wetu, anavuka, jioni anairudia. Mtu yule yule, nyanya zile zile. Kwa hiyo msiniambie Mganda hawezi kubadilika. Anabadilika mara mbili kwa siku.

Chupa je? Ujerumani, tangu 2003, ukinunua kinywaji cha chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au kopo unalipa amana ya senti 25 juu yake, karibu shilingi 1,000 zetu. Ukirudisha chupa kwenye mashine dukani, unapewa risiti ya pesa yako. Kuna mzee ninayemwona usiku akimulika mapipa ya kituo cha treni kwa tochi ndogo, na watu waungwana huacha chupa chini, pembeni ya pipa, asije akajikata. Wajerumani wanajivunia mpango huu kama wao ndio walioutunga. Lakini nyie mliokua miaka ya tisini mnakumbuka: hukuuziwa soda bila chupa tupu, au unywe hapo hapo dukani umesimama. Kreti la chupa tupu lilikuwa kama akiba nyumbani. Tulikuwa na mpango, tukauacha plastiki ilipoingia. Weka amana ya shilingi 200 tu kwa kila chupa ya plastiki, na mitaro ya Kampala itakuwa imeokotwa kabla ya Ijumaa. Watoto wenye magunia wapo tayari, siku hizi wanauza kwa kilo kwa bei ya kusikitisha.

Kuhusu kupika, nilikuwa na mipango mikubwa. Gunia la makaa limepanda mpaka linakaribia bei ya mbuzi mchanga, na amri ya rais ya Mei 2023 ya kuzuia biashara ya makaa kaskazini haikuyashusha. Nikabeba kutoka huku sufuria ya umeme ya presha. Ikafika na plagi ya miguu miwili ya mviringo, tukatafuta adapta siku nzima. Mama aliikalia mbali kama bomu. Halafu maharage yaliyolowekwa usiku yakaiva chini ya saa moja, na Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, haikupungua hata yuniti moja. Akanyamaza, akaonja, akasema, "Hayana moshi." Sijui hadi leo kama ilikuwa sifa au lawama. Nikamweleza pia kwamba yuniti kuanzia 81 hadi 150 za mwezi zimepunguzwa bei kusudi watu wapikie umeme. Alicheka. Hajawahi kufika 81.

Kilichomvutia hakikutoka dukani. Yule bibi wa Jumapili, tulipopatana, alinieleza jinsi bibi yake alivyopika wakati wa vita, mkaa ukiwa haba: chungu kichemke, kitolewe motoni, kifukiwe ndani ya sanduku lililojaa nyasi kavu, kijiivishe chenyewe. Nikamsimulia mama. Akachukua kapu kubwa, akalitandika majani ya migomba makavu na blanketi bovu. Wali uliochemka dakika tano ukaiva humo bila makaa zaidi. Maharage yanataka yachemke nusu saa kwanza, la sivyo utatafuna kokoto. Sasa majirani wawili wana makapu yao, na wanaliita kapu la Mjerumani. Hawataki kusikia kwamba Mjerumani mwenyewe siku hizi anabonyeza kitufe tu.

Sufuria ya umeme bado ipo, kwa maharage na makongoro. Ugali haupikwi humo, mama alishasema, na mimi sibishani na mtu kuhusu ugali wake. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma jogoo anawika: raba ya kifuniko imelegea, mvuke unatoka pembeni, nimtafutie raba nyingine. Nimezunguka maduka matatu hapa Bremen. Yote yamenijibu kwa heshima kwamba raba ya aina ile haiuzwi peke yake, ninunue sufuria mpya. Mama anasema nisihangaike. Ameshaongea na yule mzee wa stendi.