Wavu wa tiara haubandikwi utepe

Kosa nililifanya mwenyewe, kwa hiyo nina haki ya kulisema. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, ufukweni Weston-super-Mare, magharibi mwa Uingereza, ambako maji yakitoka hutoka kweli, yanakuachia mchanga na tope mpaka macho yachoke. Upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi. Tiara yangu ya nyuzi nne ikatua kwa kichwa, kile kifuniko cha mpira kwenye ncha ya ufito kikachomoka bila mimi kujua, nami nikaivuta ipae tena. Ufito ukatoka kwenye ala yake, ukapita kwenye wavu ulioshonwa kwenye tanga lake kama njiti inavyopita kwenye andazi la moto. Nilipoishusha, mpasuko ulikuwa na urefu wa kidole.

Kwenye buti la gari nilikuwa na utepe wa gundi, ule mpana wa rangi ya fedha ambao watu huzibia kila kitu. Nikakata vipande viwili vya upana wa kiganja, kimoja mbele, kimoja nyuma, nikavikandamiza kwa dole gumba. Dakika tatu. Nikajisifu.

Ikaruka, ila iliruka vibaya. Kila nikiisimamisha hewani inainamia kushoto, naisahihisha kwa mkono wa kulia, inainama tena, kama ngalawa iliyovunjika mrengu. Nikadhani nyuzi zimepishana urefu. Nikazilaza mchangani nikazipima, zote sawa. Ilinichukua nusu ya alasiri kukubali kwamba mchawi ni kile kiraka changu cha fedha.

Kwa wasioijua: hii si tiara ya utotoni ya chelewa mbili na mfuko wa nailoni, yenye mkia wa kanga iliyochakaa. Hii ina tanga la poliesta jepesi, fito za kaboni, nyuzi nne na vishikio viwili. Ndugu wa ukoo wa Hadzicki, wa San Diego kule California, ndio walioibuni mwishoni mwa miaka ya 1980, na ajabu yake ni kwamba inarudi kinyumenyume na kusimama hewani kama kereng'ende. Kabla yake Waingereza walikuwa na ile ya nyuzi mbili aliyoitengeneza Peter Powell mwaka 1972. Ukimtajia mzee wa hapa jina hilo, anaanza kukusimulia utoto wake hata kama hukumuuliza.

Wavu haukuwekwa pale kwa urembo. Upepo una hesabu yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma tanga huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ukifika 30, mabega yanajua. Nahodha wa ngalawa akiona upepo umezidi hupunguza tanga. Sisi hatuna cha kupunguza, kwa hiyo tunalitoboa: sehemu za tanga zinaondolewa na mahali pake panashonwa wavu, hewa nyingine ipite, mvuto upungue, tiara itulie. Hata zile za upepo wa kawaida mara nyingi zina ukanda wa wavu nyuma ya ukingo wa mbele. Sasa mtu akibandika utepe juu ya wavu amefanya nini? Amegeuza wavu kuwa tanga, tena kwenye bawa moja tu, na juu ya hapo ameongeza uzito. Halafu anashangaa tiara inapinda.

Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Gundi inataka uso wa kushika, na wavu ni matundu kuliko nyuzi. Gundi ya mbele inakutana na ya nyuma ndani ya matundu, zinashikana zenyewe kwa zenyewe, wavu umebanwa katikati kama nyama ya sambusa. Niliikunja tiara nikaiacha garini juani (hata Uingereza jua lipo, msicheke), gundi ikalainika, ikavuja pembeni, ikashika wavu wa upande wa pili. Wiki iliyofuata nilipoikunjua nikasikia ile sauti anayoijua kila mtu aliyewahi kunaswa kanzu na msumari wa kiti. Mpasuko wa kidole ukawa wa shubiri.

Lakini pale ufukweni ushauri bado ni ule ule: bandika tu. Wanaosema hivyo ni watu wazuri, wamenisaidia mara nyingi, na kwenye tanga lenyewe wako sawa kabisa. Kitambaa cha tanga ni laini na hakina tundu, utepe mwembamba wa kutengenezea matanga unakishika hadi unasahau kama ulikuwepo. Shida ni dawa ya kitambaa kupewa wavu.

Nikaipeleka kwa fundi cherehani, fundi mzuri wa suruali. Akakutanisha kingo mbili za mpasuko kwa mshono wa moja kwa moja, wa hatua ndogo zilizobanana, umenyooka kama umepigwa rula. Ulipendeza. Ulipopata upepo wa kwanza ukachanika kwenye mstari ule ule, kama stempu inavyochanika kutoka kwa mwenzake. Sindano ilikuwa imekata nyuzi za wavu moja baada ya nyingine. Sikumlaumu, maana nilimkabidhi mfuko nikaondoka, sikumwambia kwamba kitu hiki kinavutwa na upepo siku nzima.

Baada ya hapo, naona aibu kuandika, nikajaribu chandarua. Kilikuwa kimebaki kipande kabatini, kipya kabisa. Chandarua kimefumwa kwa vitanzi, ukikivuta kinakufuata, na kitandani hiyo ni sifa. Kwenye tiara kilitoa tumbo. Ule wavu mgumu wa madirishani nao usiufikirie, ni mzito na unavunjikia kwenye mkunjo.

Ndipo nikampigia mjomba wangu aliyeko Tanga. Mjomba ameziba nyavu za kuvulia tangu mimi sijazaliwa, na mikono yake mpaka leo inafanya kazi huku macho yako kwa wapita njia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

Hawajambo. Nikamgeuzia kamera. Akanyamaza, akaisogeza simu usoni mpaka nikawa naona sikio tu.

"Wewe mpwa wangu, mtu mzima na mvi zako, bado warusha tiara?"

"Ndiyo, mjomba."

"Haya. Mbona hujaukata?"

"Umeshachanika, nikate nini tena?"

"Kata mpaka ufike kwenye jicho zima. Wewe waanza kuziba kwenye jicho bovu, ndiyo maana lakukimbia."

Nilikuwa nimehangaika miezi miwili na jibu lilikuwa hilo. Utepe, mshono wa stempu, chandarua, vyote vilishikilia nyuzi ambazo zilishalegea au kukatika nusu. Nilikuwa naogopa kuongeza tundu. Anayeziba wavu wa kuvulia haogopi. Anaondoa ubovu wote kwanza, hata kama tundu litatisha, kisha anajenga jicho moja moja kuanzia palipo pazima.

Tunaachana naye kwenye hatua inayofuata. Wavu wake ni wa mafundo, jicho likipotea linafungwa upya. Wangu ni poliesta iliyofumwa kwa macho madogo kuliko punje ya mchele, hakuna vidole vya kufunga mafundo humo. Lazima kiraka, na kiraka kiwe wavu wa aina ile ile. Wauzao vitambaa vya tiara wanauza nusu mita, na bei yake haifiki ya sahani ya chipsi na samaki pale pale ufukweni.

Nikakaa nayo mezani Jumapili. Mabaki ya gundi yalitoka kwa spiriti na kitambaa cheupe, kwa kugusagusa, si kusugua, na nilijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Nikautandaza wavu juu ya kadibodi na kuubana kwa pini ukae bila kuvutwa. Hapo nikamwasi mjomba kidogo: sikukata kwanza. Ukikata kwanza wavu huu unalegea na kupinda. Nilichora kwa chaki mstari wa pale jicho zima linapoanzia, mstari wa duara, kwa sababu pembe kali ndiyo mwanzo wa mpasuko mwingine.

Kiraka nilikikata kwa chuma cha kulehemu juu ya kigae cha bafuni, ili ncha za nyuzi ziyeyuke na zisifumuke, nikakiacha kizidi mstari kwa sentimita moja kila upande. Kazi ya macho ni kulinganisha nyuzi, za wima zilale na za wima, za mlalo na za mlalo. Vuta kipande cha wavu huu kwa urefu, kinakataa. Vuta kwa mshazari, kinakuja chote. Kiraka kilichowekwa mshazari kitavutika kwa desturi yake na wavu kwa desturi yake, na hutapata amani.

Meno ya cherehani yanapenda kuutafuna wavu, kwa hiyo chini yake niliweka karatasi nyembamba ya kufungia zawadi. Sindano namba 70, uzi wa poliesta kwa sababu wa pamba unaoza kwa unyevu, mshono wa zigizaga, milimita tatu upana na tatu hatua. Sindano inapokwenda kulia na kushoto, mvuto unagawanywa kwenye nyuzi nyingi, badala ya kubebeshwa mstari mmoja kama wa yule fundi wa suruali. Mizunguko miwili. Mkono unaongoza tu, hauvuti. Halafu nikachana karatasi, nikageuza, na ndipo nikaukata ubovu kwa nyuma kwa mkasi wa kucha, taratibu, nimeshika pumzi. Kushona kulichukua dakika kumi. Kujiandaa, karibu saa mbili.

Mpasuko ukiwa pale wavu unapokutana na tanga, mambo ni mengine. Hapo mara nyingi wavu haujachanika katikati, umeng'oka kwenye mshono, na kiraka cha wavu peke yake kitang'oka vilevile. Weka ukanda mwembamba wa kitambaa cha tanga uufunike mshono wote, ushone upite kwenye tanga na kwenye wavu kwa pamoja. Ukanda wa upana wa kidole hauzuii hewa ya kugombania.

Na tundu la jicho moja au mawili? Liache. Najua wengine hawalali wakiliona. Lipitishe uzi kwa mkono mara mbili, funga fundo, basi. Nimeona wavu uliojaa viraka vya matundu ya mdudu hadi ukapoteza kazi yake, na mwenyewe anajivunia utunzaji.

Utunzaji halisi hauna sifa, hakuna anayeuona. Kabla ya kurusha, mimi sasa napitisha kidole kwenye kila kifuniko cha ncha, na ncha ya ufito ikianza kutoa miiba ya kaboni naisugua kwa msasa na kuitia tone la supagluu. Ule utepe wa kunasa (velcro) wa katikati ya ukingo naufunga hata tiara ikiwa ndani ya mfuko, kwa sababu ukiachwa wazi unashika wavu kama kishonanguo kinavyoshika nguo. Uzi wa jirani ukikatiza kwenye wavu wako, usivute. Tembeeni mkutane, mcheke, muutoe kwa mkono. Nyuzi zetu za Dyneema, ule uzi mwembamba wa plastiki ngumu, zikiwa zimekazwa ni msumeno.

Adui mkubwa ni mchanga. Mchanga wa Weston ukiwa na unyevu unajipanga kwenye macho ya wavu, unakauka humo na chumvi yake, kisha wewe unaikunja tiara na kuitia mfukoni, na gari linapotikisika njia nzima unakuwa umeweka msasa katikati ya nguo mbili. Nyumbani naisuuza bafuni kwa maji baridi, na tone la sabuni ya maji ikiwa chafu sana. Si mashine ya kufulia, wala maji ya moto. Naianika kivulini, kwa sababu jua linakula poliesta polepole na nailoni haraka zaidi, na siikunji mpaka wavu umekauka kabisa. Mke wangu ana maoni yake kuhusu tiara ya zaidi ya mita mbili inayoning'inia kwenye korido siku ya wageni.

Picha ya kiraka nilimtumia mjomba jioni ile ile. Najua aliikuza, maana jibu lilikuja baada ya nusu saa: "Kona ya chini kushoto umeivuta." Nikaenda koridoni na tochi ya simu. Kweli, nimeivuta.