Asiyefungwa Hakujipangia Ratiba

Kwenye jokofu la mzee ninayemhudumia hapa Orlando kulikuwa na karatasi ya ratiba ya timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Central Florida, ambayo mji mzima huiita UCF, ya msimu wa 2017. Kila Jumamosi mchezo ulipokwisha, mzee alinyanyuka kwenye kiti chake, akashika ukingo wa meza ya jikoni na kuandika matokeo kwa kalamu pembeni ya jina la mpinzani. Mahali palipoandikwa Georgia Tech, tarehe 16 Septemba, alikuwa amepiga mstari na kuandika neno moja tu: Irma. Kimbunga hicho kilikuwa kimeipiga Florida siku chache kabla, mchezo ukafutwa, na baadaye chuo kikajaza pengo kwa kuialika Austin Peay, timu ya daraja la chini, ambayo UCF iliifunga 73 kwa 33.

Wakati huo nilikuwa na miaka miwili tu nchini Marekani. Nilikuwa nimekulia Rujewa, wilayani Mbarali, nikiwa shabiki wa Yanga tangu utotoni, na futiboli ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mikono na kofia ngumu, niliitazama kwa sababu tu mzee aliitazama. Mwisho wa Novemba nilikuwa nimenasa. Ijumaa ile UCF ilipocheza na watani wao wa South Florida, wapinzani walisawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, na sekunde chache baadaye Mike Hughes aliupokea mpira wa kuanzia karibu na mstari wake wa mwisho, akakimbia nao uwanja mzima, na mchezo ukaisha 49 kwa 42. Wiki iliyofuata waliifunga Memphis 62 kwa 55 baada ya muda wa nyongeza mara mbili na kutwaa ubingwa wa konferensi yao, yaani umoja wa vyuo vinavyocheza ligi pamoja. Michezo 12, ushindi 12.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba zilitangazwa timu nne za kucheza mtoano wa ubingwa wa taifa. UCF haikuwamo, na katika orodha ya mwisho iliwekwa nafasi ya 12, nyuma ya timu zilizokuwa zimefungwa mara mbili na hata mara tatu. Nilimuuliza mzee msimamo wa ligi ulikuwa unasemaje. Akanijibu kwamba hakuna msimamo, kuna kamati. Nilidhani sikumsikia vizuri, nikarudia swali, naye akarudia jibu lile lile.

Tangu siku hiyo nimelifuatilia jambo hili kuliko nilivyotarajia, na ninaandika kwa sababu Watanzania wenzangu tulioko huku huniambia mara kwa mara kwamba Wamarekani wana haki ya kuwapuuza wasiofungwa wenye ratiba nyepesi, kwa kuwa kumfunga kibonde si kazi. Sikubaliani nao, na sababu yangu kubwa nimeitoa nyumbani.

Kwanza nieleze mfumo wenyewe, kwa sababu aliyezoea Ligi Kuu ya Bara hawezi kuukisia. Timu za vyuo za daraja la juu zimepita 130, na kila moja hucheza michezo 12 hivi kabla ya fainali za konferensi. Hakuna namna timu zote zikutane, hivyo ni lazima kuwe na njia nyingine ya kuzilinganisha, na hilo sina ugomvi nalo. Tangu msimu wa 2014 kazi hiyo hufanywa na kamati ya watu 13 wanaokutana hotelini Grapevine, Texas, na kutoa orodha yao wiki hadi wiki katika sehemu ya mwisho ya msimu. Kamati hutazama ushindi na ubingwa wa konferensi, lakini hutazama pia uzito wa ratiba, yaani ubora wa wale uliocheza nao. Maneno hayo yanasikika kuwa ya haki. Swali ninalouliza mimi ni nani aliyepanga hiyo ratiba.

Sehemu kubwa ya ratiba hupangwa na konferensi, na chuo hakijichagulii konferensi kama mtu anavyochagua daladala, bali hualikwa na wanaotaka fedha na watazamaji wake. Michezo michache inayobaki hupangwa kwa mikataba baina ya chuo na chuo, mara nyingine miaka mingi kabla, wakati wachezaji husika bado wako shule za msingi. Hapo ndipo kigogo anapokuwa na nguvu zote. Kigogo hukialika chuo kidogo uwanjani kwake na kukilipa, wakati mwingine zaidi ya dola milioni 1 kwa mchezo mmoja, bila wajibu wowote wa kwenda kwao kurudisha mchezo. Chuo kidogo kikijulikana kuwa ni kikali, mialiko hupungua, kwa sababu kigogo akishinda hapati sifa yoyote, na akifungwa msimu wake umeharibika. Basi mtu yule yule aliyekataa kucheza nawe ndiye anayekuja mwisho wa mwaka kusema hukucheza na mtu.

Sasa nirudi kwetu. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa, na mchezo wake wa 50 ulikuwa ugenini dhidi ya Ihefu, kwenye uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, huko huko Mbarali nilikozaliwa. Hapa Orlando ilikuwa asubuhi. Nilikuwa ninampikia mzee uji wa shayiri, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, binamu yangu akinitumia sauti moja baada ya nyingine kutoka pembeni mwa uwanja. Yanga ilifunga kwanza. Ihefu ikasawazisha, kisha ikafunga la pili, na sauti ya mwisho ya binamu haikuwa na neno lolote, bali ilikuwa kelele za watu wa Ubaruku ambao mashujaa wa Dar es Salaam waliwafuata hadi kwenye mashamba yao ya mpunga na kufungwa mbele yao. Niliumia kama mwana Yanga, na kwa saa nzima sikutaka kuzungumza, lakini kama mtoto wa Rujewa nilijua kwamba nimeshuhudia kitu ambacho Marekani, pamoja na viwanja vyake vya watu laki moja, haijaweza kuwapa watu wa miji yake midogo.

Yanga haikwenda Mbarali kwa hiari wala kwa malipo. Ilikwenda kwa sababu kanuni inasema kila timu itacheza na kila timu nyumbani na ugenini, na pointi 3 za Ihefu ni pointi 3 zile zile za Simba. Azam FC ilipotwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo, hakuna kamati iliyokaa kuuliza kama ilistahili, kwa kuwa ratiba yake ilikuwa ya kila mtu. Sisemi kwamba kwetu kuna usawa uliokamilika. Tangu ubingwa huo wa Azam, kombe limekuwa likizunguka kati ya Yanga na Simba peke yao, fedha ndizo zinazosema, na viporo vya ratiba vimewachosha mashabiki wa timu zote. Hata Ihefu yenyewe imekwisha kuhamia Singida na kubadilishwa jina, jambo ambalo kwangu bado ni kidonda. Lakini mkubwa wa kwetu, hata akiwa na kila kitu, hana ruhusa ya kuchagua asicheze na nani.

Wanaopinga wana hoja, na ni lazima nizitaje kwa majina. Hawaii ilimaliza msimu wa 2007 bila kufungwa, kisha ikapewa Georgia na kupigwa 41 kwa 10. Liberty ilishinda michezo yote 13 mwaka 2023, ikakutana na Oregon na kufungwa 45 kwa 6. Niliitazama hiyo ya Liberty, na ni kweli kwamba baada ya robo ya pili hapakuwa na mchezo. Mtu akisema kwamba timu za namna hiyo zinajaza nafasi ambayo ingekuwa ya timu nzito iliyofungwa mara moja au mbili, hasemi uongo.

Hata hivyo, kipimo hicho hutumiwa kwa wadogo peke yao. Alabama iliifunga Michigan State 38 kwa 0 katika nusu fainali ya msimu wa 2015, mwaka uliofuata Clemson ikaifunga Ohio State 31 kwa 0, na LSU ikaifunga Oklahoma 63 kwa 28 katika msimu wa 2019. Vyuo hivyo vilivyoaibishwa vyote ni vigogo, na hakuna hata kimoja kilichoambiwa kisirudi tena. Cincinnati, chuo cha kwanza kutoka konferensi ndogo kuingia katika mtoano wa timu nne, iliingia msimu wa 2021 ikiwa imeshinda 13 kati ya 13, ukiwemo ushindi dhidi ya kigogo Notre Dame, ambacho Cincinnati ilikifuata hadi kwao na kukifunga 24 kwa 13. Ilifungwa na Alabama 27 kwa 6, na watu wakatikisa vichwa wakisema ndiyo hayo tuliyoyasema. Siku hiyo hiyo, katika nusu fainali ya pili, Michigan ilifungwa na Georgia 34 kwa 11. Tofauti ya Cincinnati ni pointi 21 na ya Michigan ni pointi 23, lakini sijawahi kumsikia mtu akiuliza kama Michigan ilistahili kuwepo.

Na UCF ya 2017 ilipopata nafasi ya kucheza na kigogo, siku ya mwaka mpya wa 2018 mjini Atlanta, iliifunga Auburn 34 kwa 27. Siku hiyo mchezaji bora wa ulinzi alikuwa Shaquem Griffin, ambaye kiganja chake cha kushoto kilikatwa akiwa na miaka minne, na ambaye alimsumbua mrusha mpira wa Auburn mchana kutwa. Auburn hiyo ndiyo iliyokuwa imezifunga Georgia na Alabama katika msimu wa kawaida, ingawa Georgia iliilipiza baadaye katika fainali ya konferensi yao. Wiki moja baada ya Atlanta, fainali ya taifa ilichezwa na Georgia na Alabama. Alabama, iliyofungwa na Auburn na ambayo haikufika hata fainali ya konferensi yake, ndiyo iliyotwaa kombe. UCF, iliyoshinda michezo yote 13, ilijitangazia ubingwa na kufanya gwaride Disney World. Wengi nchini walicheka. Mzee hakucheka, alivaa fulana yake nyeusi yenye maandishi ya dhahabu na kuniomba nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu hadi barazani, akae nayo huko jirani wamwone.

Kuna tukio jingine la jimbo hili hili ambalo liliniondolea shaka kabisa. Mwaka 2023 Florida State ilishinda michezo 13 kati ya 13 na ubingwa wa konferensi kubwa, lakini mrusha mpira wake mkuu, Jordan Travis, alivunjika mguu mwezi Novemba, na kamati ikaiweka nafasi ya 5 huku Alabama iliyofungwa mara moja ikiingia kama ya 4. Baadaye Georgia iliifunga 63 kwa 3, wachezaji wengi wa kutegemewa wa Florida State wakiwa wamekataa kucheza mchezo usio na maana kwao. Hapo hata kisingizio cha vibonde hakikutosha. Kamati ilikuwa inapima kile inachodhani kingetokea kesho na kukiweka mbele ya kile kilichokwisha kutokea uwanjani, na mchezo ukifika hapo sijui mchezaji anaambiwa ashinde nini zaidi.

Tangu msimu wa 2024 mtoano una timu 12, na katika misimu ya 2024 na 2025 mabingwa watano wa konferensi waliokuwa juu zaidi katika orodha walikuwa na nafasi ya uhakika, kwa hiyo angalau mdogo mmoja aliingia. Hilo ni jema na nalipongeza. Lakini nafasi hiyo ni ya bingwa aliyependwa zaidi na kamati, si ya asiyefungwa, na konferensi mbili ndogo zikitoa mabingwa wawili wasiofungwa katika mwaka mmoja, mmoja wao anaweza kubaki nje akimtazama kigogo aliyefungwa mara mbili akiingia. Ningependa kanuni iwe fupi: bingwa wa konferensi ambaye hakufungwa aingie, hata akiwa ameshinda vibonde 13, na kamati igawe nafasi zinazobaki. Timu za namna hiyo ni chache mno kila mwaka. Akipigwa 45 kwa 6, atakuwa amepigwa uwanjani, mbele ya watu wake, kama Yanga ilivyopigwa Ubaruku.

UCF yenyewe iliingia konferensi kubwa ya Big 12 mwaka 2023, pamoja na Cincinnati na Houston. Vijana wa hapa mtaani waliozaliwa na rangi za UCF, nyeusi na dhahabu, sasa nao nawasikia wakizisema timu ndogo kwamba hazijacheza na mtu. Nimewaambia wawili kati yao waje siku moja kwa mzee, awaonyeshe ile karatasi, kwa sababu bado anayo. Aliitoa kwenye jokofu na kuiweka ndani ya droo ya vijiko, na mstari wa Georgia Tech haujafutika.